Mapaa ya chuma juu ya Lalibela: yabaki au yaondoke?

Picha ya Lalibela, mji wa Ethiopia wenye makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba, ambayo wengi wetu tumeiona ni ile ya kanisa la Bete Giyorgis: msalaba mkubwa wa jiwe umesimama ndani ya shimo, na juu yake mbingu tupu. Ni picha ya kweli, ila haisemi habari yote ya mji. Ukitoka hapo ukaenda hadi kanisa jingine, Bete Medhane Alem, utakuta nguzo nene za chuma zimebeba paa pana, mfano wa lile la kituo cha mafuta, na kanisa lenyewe limejikunyata chini yake. Mapaa ya aina hii yako manne. Yanafunika makanisa ya Medhane Alem, Maryam, Amanuel na Abba Libanos tangu 2008, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na yalipojengwa ilielezwa kuwa ni ya muda.

Muda huo umekuwa mrefu. Oktoba 2018 wakazi wa mji waliingia barabarani wakidai makanisa yao yaokolewe, na hofu yao kubwa ilikuwa kwamba mapaa yenyewe yatayaangukia. Machi 2019 Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alifika Lalibela na kuahidi msaada. Agosti 2021 vita vya Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia, vilifika mjini, majeshi yakapokezana mji huo mara kadhaa kabla mwaka haujaisha, na suala la mapaa likawekwa kando.

Ili kuuelewa ubishi huu, tuanze na jiwe. Lalibela, ambayo zamani iliitwa Roha, iko katika nyanda za Lasta kaskazini mwa Ethiopia, takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Makanisa yake 11 hayakujengwa. Mafundi walianza juu ya mwamba wakachimba handaki kushuka chini hadi likabaki pande kubwa katikati, kisha wakalitoboa pande hilo: milango, madirisha, nguzo, matao, mpaka mimbari. Mapokeo ya Kanisa la Orthodoksi la Tewahedo yanasema kazi hii aliifanya Mfalme Lalibela wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, na kwamba wanadamu walipokwenda kulala malaika waliingia zamu ya usiku. Padri Mreno Francisco Álvares, aliyefika huko katika miaka ya 1520, aliandika kwamba amechoka kuyaeleza makanisa hayo kwa sababu anajua hataaminiwa.

Mwamba wenyewe ni wa volkano, mwekundu na laini. Ulaini huo ndio uliomwezesha fundi mwenye patasi kuchonga kanisa zima, na ulaini huohuo ndio unaoliua sasa. Maji ya mvua yanaingia kwenye nyufa, jiwe linavimba likilowa na kusinyaa likikauka, chumvi inasukuma uso wa ukuta hadi unamenyuka, na kuvu inatafuna michoro. Msimu mkubwa wa mvua, kilele chake Julai na Agosti, hauna huruma.

Hapo wanaotetea mapaa wana hoja nzito. Sisi tumezoea kuambiana usipoziba ufa utajenga ukuta. Lalibela methali hiyo inagonga mwamba, maana ukuta haujengeki upya. Kanisa la matofali likipoteza tofali utaweka jingine. Hapa ukuta, sakafu na dari ni jiwe moja na mlima. Ni kweli baadhi ya nguzo za nje za Medhane Alem zilizoanguka zilirudishwa kwa mawe ya kuchongwa, lakini asiye mtaalamu ataona zipi ni za mlima na zipi ni za mafundi wa juzi. Kwa mtazamo huu, paa baya ni afadhali kuliko kanisa zuri linaloyeyuka. Kabla ya 2008 tayari kulikuwa na mabati yaliyoinuliwa kwa miti juu ya baadhi ya makanisa, na hakuna anayeyakumbuka kwa hamu.

Upande wa pili nao hausemi kwa hasira tupu. Miundo hii ni mizito, na imesimikwa kwenye mwamba uliojaa mahandaki na njia za chini kwa chini. Upepo wa nyanda za juu unaitikisa. Jiwe lililozoea kulowa na kukauka kwa zaidi ya miaka 700 likinyimwa maji ghafla linaweza kukauka kupita kiasi na kupasuka kwa namna nyingine. Kisha kuna jambo lisilopimwa kwa vyombo. Hawa ni watu wanaosali humo. Mapadri wanaishi hapo, mahujaji waliovaa shuka nyeupe wanakuja kwa miguu kutoka vijiji vya mbali, na wanaposimama kwenye ukingo wa handaki kutazama chini, kati yao na mbingu pana chuma.

Hoja moja inayosikika sana kwa wapinzani wa mapaa ndiyo inayonishawishi kidogo kuliko zote: kwamba makanisa yarudishwe kama alivyoyaacha mfalme. Yapi hayo? Mwanaakiolojia David Phillipson alitoa hoja kwamba sehemu za Bete Merkorios na Bete Gabriel-Rufael ni za karne ya 7 au ya 8, na kwamba huenda hazikuanza kama makanisa kabisa. Watafiti wengine wamesoma alama za patasi na kuona hatua nyingi za uchongaji, sakafu zilizoshushwa, milango iliyohamishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mwitaliano Sandro Angelini alipokuja kuyakarabati, sehemu ya kazi yake ilikuwa kubandua lami na rangi zilizopakwa na waliomtangulia. Lalibela haijawahi kutulia. Kila kizazi kimeigusa, wengine kwa busara na wengine kwa lami.

Lakini historia hiyohiyo inawabana pia watetezi wa mapaa. Waliochonga Lalibela waliijua mvua. Mahandaki yana mteremko, kuna michirizi iliyochongwa kwenye mapaa ya mawe na mifereji ya kutoa maji hadi kwenye mkondo uliopewa jina la Yordani. Bete Giyorgis, ambalo halina paa la chuma, bado limesimama vizuri, na michirizi yake inaonekana wazi kwenye picha ileile tunayoipenda. Mifereji mingi upande mwingine ilijaa udongo karne kwa karne. Kuizibua si kazi ya kuvutia wafadhili. Hakuna waziri anayekata utepe kwenye mtaro. Lakini nikiulizwa tuanzie wapi, nitasema hapo: mitaro kwanza, kisha mafundi wa mjini wanaofundishwa kuziba nyufa kwa chokaa inayoendana na jiwe, na kulipwa kila mwaka, si mara moja kila baada ya miaka 20. Paa moja moja liondolewe pale tu ambapo dari ya jiwe chini yake imeshatibiwa. Kuyang'oa yote kwa pamoja kwa sababu yanachukiza macho kungekuwa kosa kubwa kuliko lile la kuyaweka.

Kuna jeraha jingine ambalo mabishano ya chuma yanalificha. Lalibela ilikuwa miongoni mwa maeneo 12 ya kwanza kabisa kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia, mwaka 1978. Heshima hiyo ilikuja na mipaka ya hifadhi, na familia zilizokuwa zikiishi karibu na makanisa, katika nyumba za mviringo za mawe mekundu, zilihamishwa. Mhifadhi atasema maji machafu na moshi wa jikoni viliyadhuru makanisa, na hatakuwa amedanganya. Ila mtu aliyeambiwa ahame ili jiwe lipone, kisha akaona jiwe linawekewa nguzo za chuma na ufa bado uko palepale, ana haki ya kuuliza aliondolewa kwa ajili ya nani.

Kila tarehe 7 Januari, asubuhi ya Genna, yaani Krismasi ya Ethiopia, mapadri hujipanga juu kwenye ukingo wa handaki la Bete Maryam na wengine chini uani, wakaimba kwa kupokezana, walio juu wakiwa malaika na walio chini wakiwa wachungaji wa Bethlehemu. Bete Maryam ni mojawapo ya makanisa yaliyofunikwa. Kwa hiyo tangu 2008 malaika wa Lalibela wanaimba chini ya paa.