Kola ya shingo si somo zima

Majeruhi wa bodaboda akishushwa mapokezi, amri ya kwanza huwa, "Leteni kola!", yaani kifaa kigumu kinachofungwa shingoni ili isicheze. Wanaotaka wahudumu wa dharura wafundishwe kumfunga kila aliyeanguka wana hoja. Kanuni moja hushikika haraka, na tabibu aliye peke yake zamu ya usiku akimfunga asiyehitaji atamsumbua tu. Akimwacha bila kola mwenye pingili ya shingo iliyovunjika, mgonjwa anaweza kupooza.

Lakini kola ngumu nayo ina madhara. Hubana mishipa ya shingo na kuongeza shinikizo ndani ya fuvu, huzuia kinywa kufunguka vizuri unapotaka kupitisha mpira wa kupumulia, na aliyepoteza hisia akisubiri rufaa saa nyingi huanza vidonda.

Ndiyo maana wengine wanataka uchunguzi utangulie. Utafiti wa NEXUS wa Marekani, uliochapishwa 2000, uliwapima wagonjwa 34,069 kwa maswali matano: anaumia ukibonyeza katikati ya shingo? Amelewa? Fahamu zake zimepungua? Kuna kiungo kilichokosa nguvu au hisia? Ana jeraha jingine linalouma kiasi cha kumsahaulisha shingo? Jibu likiwa hapana kote, picha ya shingo haihitajiki. Kati ya 818 walioumia shingo, maswali hayo yaliwakosa 8 tu.

Shida ni kwamba wa bodaboda wengi huja na mguu uliovunjika, na wengine wamekunywa (abiria nao, si dereva tu). Hawapiti mtihani huo. Na pale ambapo CT scan ni safari ya hospitali ya rufaa, kanuni hiyo ya maswali inakwambia apigwe picha. Haikwambii umfanyeje hadi gari lipatikane. Pengo la mafunzo naliona hapo zaidi kuliko kwenye ubishi wa kola. Mhudumu ajue kupapasa pingili moja moja, kupima nguvu za mikono na miguu, kuandika saa na alichokiona, kisha arudie. Ajue kwamba presha ikishuka huku mapigo yakienda polepole, huenda uti wa mgongo umeumia, ingawa kwanza atafute damu inayovuja ndani. Ajue na kumgeuza mgonjwa: watatu kiwiliwilini, mmoja kichwani, na wa kichwani ndiye anayehesabu ili wote wageuze kwa pamoja. Semina ya siku moja haimfikishi mtu huko. Yanataka mazoezi ya pamoja, palepale kazini, kila baada ya miezi michache. Kola avishwe aliyeshindwa maswali, na awepo wa kukagua ngozi iliyo chini yake.