Kumnakili Velázquez ili kujifunza kupaka uso

Wanaosema mwanafunzi asijifunze kwa kunakili picha za wengine wana hoja. Anayejifunza kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta kwa kuiga kazi ya bingwa wa kale hukuta maamuzi magumu yamekwisha kufanywa: mkao, upande wa mwanga, nafasi ya kichwa kwenye kanvasi. Tena mara nyingi anaiga picha ya simu, ambayo huzidisha wekundu na kufukia vivuli. Lakini hoja hiyo inamtaka mwanafunzi abuni wakati bado hajui kwa nini uso alioupaka umepauka.

Tuchukue picha ya Juan de Pareja, aliyoichora Diego Velázquez, mchoraji wa Kihispania, mjini Roma mwaka 1650, ambayo sasa iko Metropolitan Museum, New York. Pareja alikuwa mtumwa na msaidizi wake wa karakana. Mwaka huohuo Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru. Ngozi ni ya kahawia, na rangi tano zinatosha kuinakili: nyeupe, nyeusi, manjano ya udongo, nyekundu na kahawia.

Kanvasi ipakwe kwanza kahawia-kijivu ya wastani, ikauke. Vivuli vichorwe kwa kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini. Tabaka zinazofuata ziongezwe mafuta ya kitani kidogokidogo. Ukipindua mpangilio huo, la juu hukauka kabla ya la chini, kisha hupasuka.

Kazi hasa iko kwenye ngozi. Mwanafunzi akitaka mwanga huongeza nyeupe kwenye kahawia. Akitaka kivuli, nyeusi. Anapata uso wa mtu aliyeoga asijipake mafuta. Nyeupe huangaza rangi, lakini pia huipoza, kwa hiyo kwenye mwanga lazima iandamane na manjano na nyekundu. Ubaridi ubakizwe kwenye mng'ao wa paji la uso na pua, na kwenye ukanda mwembamba ambapo mwanga unageukia kivuli. Hapo kijivu cha nyeusi na nyeupe kinatosha: kando ya kahawia yenye wekundu, jicho hukiona kama buluu. Kivuli chenyewe kirudie joto, na rangi yake ipakwe nyembamba hata ile ya msingi ipenye.

Mbele ya mtu hai, ukikosea hujui kama kosa ni la mchanganyiko, au yeye amesogea, au jua limehama. Kwenye nakala mawili ya mwisho hayapo, na jibu liko mbele yako la kulinganisha.

Wanaoita kunakili wizi wakumbuke kwamba Louvre, jumba la makumbusho la Paris, huwapa wanaonakili vibali, ila nakala isilingane ukubwa na picha asilia. Mchoraji Rubens naye alinakili kazi za Titian, mchoraji aliyemtangulia, huko Madrid akiwa amepita miaka 50, bingwa kamili.

Ila nakala ya tatu ya picha ileile haina jipya. Kufikia hapo, rangi zilezile tano zipelekwe kwa mtu aliyeketi kando ya dirisha moja, na taa ya chumbani izimwe: mwanga wa pili huvuruga ukanda ule wa kijivu.