Karafuu yenye petali tano

Juzi kwenye maonyesho ya ubunifu nusura niuziwe hereni za "karafuu". Shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, kikadi cha kupendeza, utepe, na bei ya kukufanya ukae chini. Nikazigeuza mkononi: petali tano, zimechanua kwelikweli. Dada, hii karafuu ya wapi? "Ni usanii tu, mpenzi." Haya, nami kesho nichore samaki changu mwenye miguu, nidai usanii.

Jamani, karafuu huchumwa ikiwa imefumba! Ikishachanua imekwisha, haina bei. Aliyewahi kukaa na bibi yake Pemba kuchambua karafuu na makonyo hahitaji kuelezwa: kichwa kidogo cha mviringo, kimeshikwa na vijimeno vinne, chini yake kikonyo chembamba. Ianike juani kwenye jamvi, ule wekundu wa juu juu unapotea, inabaki kahawia iliyokolea. Hicho ni kipini cha puani tayari! Mungu keshachora, sonara kabakiziwa kupima tu. Halafu mtu anaacha hayo yote, anachukua ua la kwenye simu.

Kwenye kanga ndiyo usiseme. Mji, yaani pale katikati, wote mawaridi ya kadi za harusi, pindo nalo mawaridi. Asumini iko wapi? Mkadi je? Vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, tunavaa, harufu tunaisifu, ila kuvichora hakuna anayejisumbua.

Najua mtanirukia: mbona korosho ya kwenye kanga nayo haifanani na korosho? Haya, nakubali, shingo upande. Ile ya kweli inaning'inia chini ya bibo, na mchoro ule ulikuja na vitambaa vya India, sisi tukaubatiza. Lakini walioutia kwenye kanga hawakutuambia wametoka Mtwara kutazama mikorosho. Huyu wangu wa hereni kikadi chake kimeandikwa "imebuniwa kutokana na mimea ya Zanzibar". Hapo ndipo damu iliponichemka.

(Wanaotia vitambaa rangi kwa magome ya mkoko wana siku yao. Rangi nzuri, sikatai, ila kwanza watwambie mikoko yenyewe wameikata wapi.)

Wabunifu, boti za Pemba zipo. Omba tawi moja shambani, liweke mezani, hesabu vijimeno kabla hujagusa shaba. Ukipata vitano, rudi kwa mwenye shamba umuulize kakupa mti gani.