Majibu Yaliyofungiwa Bajia

Tulipofundishwa kuandika hoja tuliambiwa tusiufiche ushahidi wa upande wa pili. Mwenzako ana neno zito? Litaje wewe kabla yake, tena kwa uzito wake wote, ndipo ulijibu. Basi ami yangu wa Wete, Pemba, aliposema anakata mikarafuu apande migomba, nikakaa kuandika nimzuie.

Karatasi ya kwanza nilimpa Ami haki yake: mkarafuu hukaa miaka kama saba au minane ndipo uanze kuzaa, mwaka huu ukizaa sana, mwakani huenda ukakuonesha majani tu, wachumaji huanguka, na mwaka 1872 kimbunga kiliilaza mikarafuu ya Unguja. Majibu yote nikayaweka karatasi ya pili.

Baada ya Alasiri, wazee wamejaa barazani, nikampa binamu yangu asome. Ana sauti ya kuadhinia yule. Kila sentensi wazee wakaitikia, "Naam!" Uadilifu ulinizidi, wallahi. Binamu akafika chini, akaigeuza karatasi, nyuma kweupe.

"Basi," akasema.

Ami akafuta macho. "Mwanangu, nami nikidhani unanipinga! Haya, lileteni shoka."

"Ami, kuna karatasi ya pili!"

"Kaa kitako, usiyaharibu maneno yako mazuri," mzee mmoja akanikemea.

Nikatimka jikoni. Mama mkubwa anauza bajia, na kwake karatasi iliyolala mezani ni ya kufungia. Nilimkuta mtoto wa jirani ameikumbatia, bajia zimebaki mbili. Alikataa kuiachia mpaka nikamnunulia nyingine.

Nikarudi nikisoma palipoachwa na mafuta: kimbunga kile kiliipiga Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, ndipo ikaja kuongoza kwa karafuu... hapa chatne... na karafuu ikishakauka hukaa ghalani ikingoja bei, ndizi haimngoji mtu.

Ami akanyamaza, shoka liko magotini. "Hayo nayo kweli. Sasa mbona jibu la kimbunga hukuliweka papo hapo kwenye kimbunga? Ningekata miti kwa ajili ya bajia?"

Mikarafuu ikabaki, migomba ikapelekwa bondeni. Nikashusha pumzi. Watu wanatawanyika, yule mzee aliyenikemea akanivuta kando.

"Mwanangu, ile karatasi ya kwanza niazime. Nami nna mikarafuu yangu, na watoto hawanielewi."