Jike wa kubeba embrayo ya farasi: tuangalie kimo ama historia?

Ukitaja kuhamisha embrayo (kuchukua kijusi kichanga cha siku chache kwa jike mmoja na kukiweka kwa mwingine akibebe) huku Nakuru watu wanawaza ng'ombe wa maziwa moja kwa moja, na si makosa, ng'ombe ukimdunga homoni anatoa mayai mengi mara moja na daktari akiosha kizazi anaweza toka na embrayo kadhaa. Farasi hayuko hivyo. Jike wa farasi mara nyingi anatoa yai moja tu kila mzunguko wa siku kama 21, zile sindano za kumfanya atoe mengi hazimwingii vile zinamwingia ng'ombe, kwa hivyo unaosha siku ya 7 ama ya 8 baada ya yai kutoka, unapata embrayo moja ama unapata maji matupu. Sasa hiyo moja ikipatikana imebaki kwa jike atakayeibeba miezi 11, na hapo ndipo watu hawaskizani.

Kwanza tuondoe jambo moja njiani. Kama una Thoroughbred, ile aina ya farasi wa mbio, na unataka mtoto wake akimbie kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, sahau haya maneno yote. Usajili wa Thoroughbred duniani kote unakubali tu mtoto wa dume kupanda jike wenyewe kwa wenyewe, AI (kupandikiza mbegu za dume) hapana, embrayo hapana. Hii kitu ni ya watu wa polo na wale wa kuruka vizuizi, na wababe wake ni Argentina, kule jike mkali wa polo anaendelea kucheza huku watoto wake wanabebwa na majike wengine shambani. Mtu wa Gilgil mwenye jike mmoja wa maana uwanjani akiona hivyo lazima awaze, kwani mimi nimekosa nini.

Kuna wanaosema angalia kimo kwanza. Tafuta jike mkubwa, ikiwezekana Thoroughbred aliyestaafu mbio, mambo mengine baadaye. Na hawajatoa hiyo hewani. Mwaka 1938 kule Uingereza, watafiti Walton na Hammond walichapisha matokeo ya kuchanganya Shire, wale farasi wakubwa wa kukokota, na poni wa Shetland, wakapata kwamba mtoto wa mama Shire anazaliwa mkubwa sana kuliko mtoto wa mama Shetland ingawa damu ni ileile nusu kwa nusu. Baadaye mtafiti wa uzazi wa farasi Twink Allen na wenzake wakarudia swali hilo kwa embrayo, wakaweka ya Thoroughbred ndani ya poni na ya poni ndani ya Thoroughbred, na watoto waliobanwa kwenye kizazi kidogo hawakuwafikia wenzao hata walipofika miaka 3. Sababu ni kondo. Kwa farasi kondo linajishika karibu ukuta wote wa kizazi, kwa hivyo kizazi kikiwa kidogo kondo nalo ni dogo na chakula kinachofika kwa mtoto kinapungua. Hiyo hutabisha.

Lakini wakishasema hivyo wanaenda kununua jike kwa sababu ni mrefu na anang'aa, ambayo ni kama kuchukua matatu juu ya rangi bila kufungua boneti. Farasi wa polo si jitu, hahitaji mama jitu, anahitaji mama anayelingana na mwenye embrayo (yule jike embrayo ilikotoka) ama amzidi kidogo, basi. Halafu yule mstaafu wa mbio ana mambo yake: wengine wamefika miaka 12 na zaidi hawajawahi zaa hata mara moja, na jike wa umri huo ambaye ni bikira mara nyingi mlango wa kizazi unakataa kufunguka vizuri, maji yanakaa ndani, uvimbe unaanza. Wengine ni wepesi kushtuka, na huyo ndiye atamlea mtoto miezi 5 ama 6, mtoto anasoma kila kitu kutoka kwake, akiona mama anamkimbia saisi na yeye atamkimbia saisi. Na ulishaji wake pia unajua, nyasi kavu za Januari peke yake hazimtoshi.

Upande wa pili, ambao mimi niko nao zaidi, unasema historia kwanza. Jike wa kati ya miaka 3 hivi na 10, amezaa mara moja ama mbili bila shida, ana maziwa, ametulia, mwili si mwembamba si mnene, ile alama ya 5 hadi 7 kwa kipimo cha 1 hadi 9. Ultrasaundi isionyeshe maji wala vivimbe kwenye kizazi. Huyu anaweza kuwa chotara wa shamba asiye na karatasi yoyote na bado akakushinda. Ubaya wa upande huu ni kwamba historia yenyewe ni ngumu kupata, mtu anakuuzia jike anaapa amezaa mara mbili na huoni daftari, huoni mtoto, na jike mzuri wa kuzaa nani anauza jameni. Kwa hivyo mara nyingi "historia" ni mdomo wa muuzaji, na hapo wale wa kimo wana haki ya kucheka, maana kimo angalau unapima kwa macho.

Kitu ambacho naona pande zote mbili zinapita haraka ni dang'a. Mtoto wa farasi anazaliwa bila kinga ya maana, kondo la farasi halipitishi kinga kwenda kwa mtoto tumboni, zote zinakuja kwa maziwa ya kwanza na utumbo unafunga mlango baada ya kama saa 24. Na kinga hiyo ni ya yule aliyebeba, si ya yule mwenye embrayo. Sasa fikiria tulipo: Naivasha na Elementaita punda milia wanazurura kila mahali, na punda milia hubeba virusi vya ule ugonjwa wa farasi wa Kiafrika bila kuugua, usubi wanavichukua wanaleta kwa farasi, na farasi asiye na kinga anaweza kufa upesi sana. Ongeza kupe. Jike aliyekulia hapahapa na amechanjwa vizuri anampa mtoto kinga ya hapahapa. Jike aliyeletwa juzi kutoka mbali, awe mrefu namna gani, hana hiyo akiba mpaka umchanje na akae, ndio maana kwangu pesa ya sentimita za ziada ni bora iende kwa chanjo.

(Na kabla mtu aulize, maana huku punda ni wengi: jike wa farasi anabeba nyumbu, yule mtoto wa punda dume na farasi jike, bila shida, lakini embrayo ya punda kamili ukiiweka ndani ya farasi nyingi hutoka karibu siku ya 80 hadi 95. Hii kazi haina mkato.)

Shida kubwa kuliko zote ni hesabu. Mbebaji anafaa awe ametoa yai kati ya siku 1 kabla ya mwenye embrayo na siku 3 baada yake, na jike mmoja kukuangukia hapo ni bahati, kwa hivyo unahitaji 2 ama 3 kwa kila mwenye embrayo, wote wanakula. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana haubadiliki sana, kwa hivyo hatuna ule msimu wa baridi wa Ulaya majike wakilala kabisa, lishe ndio husumbua zaidi. Kuna wanaokwepa hii hesabu kwa kuchukua jike asiye kwenye mzunguko, wanamdunga homoni, estrojeni siku chache kisha projesteroni ya kushikilia mimba, anapokea embrayo vizuri tu. Inafanya kazi, sikatai. Ila dawa lazima iendelee mpaka kondo lishike usukani, karibu siku ya 100 hadi 120, na ukikosa dozi kwa sababu duka limeishiwa umemaliza mimba. Kwa shamba lililo ndani huko Molo barabara ikiwa matope, mimi singejaribu.

Afadhali mashamba yachange wabebaji. Embrayo iliyopozwa hadi nyuzi 5 inavumilia mpaka saa 24, hata ukwame kwa foleni ya Gilgil bado uko sawa, kwa hivyo jike wako wa Njoro anaweza kubebewa na jike wa mtu wa Naivasha aliyeko siku inayofaa. Kinachoogopesha ni magonjwa ya kuhamishana na makubaliano ya mdomo: nani analipa chakula miezi 11, mimba ikitoka hasara ni ya nani, mtoto akiachishwa maziwa yule mama anarudi kwa nani. Na siku yenyewe daktari akimpima mbebaji, siku kama ya 5 baada ya yai lake, akute kizazi kimelegea ama kuna maji, huyo anaachwa hata kama ndiye mrefu kuliko wote na mwenyewe ameshalipwa deposi.