Yuko Nyumbani Tu

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mama yangu kwenye ofisi moja kujaza fomu. Alikuwa amesahau miwani, kwa hiyo kalamu nikaishika mimi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, kote tulipita vizuri. Tukafika kwenye "Kazi". Nikasita. Karani, kijana mstaarabu asiye na neno, akataka kunirahisishia: "Mama anafanya kazi wapi?" Nikamjibu bila hata kufikiri, "Hafanyi kazi, yuko nyumbani tu." Akaniambia niweke kistari. Nikaweka. Mama alikuwa amekaa ubavuni mwangu, mikono mapajani, na hakusema kitu.

Mwanamke huyo wa kistari ameamka kabla yetu sote kwa zaidi ya miaka arobaini. Mimi ninayeandika haya ni sehemu ya kazi ambayo hakuifanya.

Tangu siku ile nakasikiliza sana hako kaneno, "tu". Sijawahi kumsikia mtu akisema fulani "yuko ofisini tu" au "anaendesha gari tu". Ila mtu akipika, akifua, akilea na akiuguza, tena kwa siku moja, sisi tunamwona yuko tu.

Siku hizi kila mtu anaandika kwamba nafasi ya mwanamke imebadilika, na ni kweli. Anayebisha arudi nyuma kidogo. Ufaransa, hadi mwaka 1965, mume alikuwa na uwezo wa kisheria wa kumzuia mkewe kufanya kazi. Ireland, hadi 1973, mwanamke aliyeajiriwa serikalini alitakiwa kuacha kazi akiolewa. Chuo Kikuu cha Cambridge kiliwakubalia wanawake shahada kamili mwaka 1948, baada ya kuwaacha wasome na kufanya mitihani kwa miongo kadhaa bila kuwapa. Leo, ukihesabu dunia nzima, wanafunzi wa kike vyuo vikuu ni wengi kuliko wa kiume. Haya si mabadiliko madogo, na yamepiganiwa.

Ninachobisha ni neno "badilika". Kitu kikibadilika, kimoja hutoka na kingine huingia. Hapa naona kimeingia tu. Mwanamke ameongezewa ofisi, na nyumba ameachiwa vilevile. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu kazi za malezi na za nyumbani zisizolipwa, hesabu ya dunia ilikuwa hivi: mwanamke kwa wastani hutumia saa 4 na dakika 25 kwa siku, mwanamume saa 1 na dakika 23. Najua jibu linalokuja, kwamba wanaume nao hukesha makazini. Ukijumlisha kazi zote, za malipo na zisizo na malipo, siku ya mwanamke bado ndiyo ndefu.

Wachumi wenyewe walishaliona hili shimo zamani. Mwingereza Arthur Pigou alitoa mfano ambao hadi leo wanafunzi wa uchumi huucheka: mwanamume akimwoa mfanyakazi wake wa nyumbani, pato la taifa linashuka. Sakafu ni ileile, fagio ni lilelile, mikono ni ileile. Kilichotoweka ni mshahara, na mshahara ukitoweka, kazi nayo inatoweka vitabuni. Kumbe kistari changu kilikuwa na ndugu zake katika hesabu za mataifa.

Wanawake wa Iceland walitafuta njia yao ya kukionyesha kilichofichwa na kistari. Tarehe 24 Oktoba 1975, takriban asilimia 90 kati yao waliacha kazi, za ofisini, za viwandani na za nyumbani, kwa siku moja. Waandaaji hawakuiita siku hiyo mgomo. Waliiita siku ya mapumziko, kwa sababu mgomaji anaweza kufukuzwa kazi, lakini aliyeomba mapumziko utamfanya nini? Akina baba wakaingia makazini wameshika watoto mikono. Shule na maduka mengine hayakufunguliwa, na soseji, chakula ambacho baba asiyejua kupika anaweza kukimudu, zikaadimika. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya usawa wa kijinsia, na mwaka 1980 nchi hiyo ikamchagua Vigdís Finnbogadóttir, mwanamke wa kwanza duniani kuwa rais kwa kura za wananchi. Siwezi kudai siku moja ndiyo iliyofanya yote hayo. Lakini nadhani kuna baba wengi ambao jioni ile hawakulisema tena lile "tu" kwa sauti ileile.

Halafu kuna sifa. Mwanamke ni nguzo, ni jasiri, ni simba jike. Mimi mwenyewe nimeshaziandika kwenye kadi. Siku hizi zinanikera kidogo, maana nguzo tunaisifu kwa sababu haijawahi kuomba kukaa.

Nyumbani kwangu neno la lawama ni jingine: kusaidia. Mimi na mke wangu sote tumeajiriwa, tunatoka asubuhi na kurudi jioni. Siku moja nilimaliza kuosha vyombo, nikajifuta mikono, nikatangaza kama mtu aliyeleta habari njema: "Leo nimekusaidia vyombo." Akaniangalia. "Asante, baba. Kumbe vyombo ni vyangu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka sana.

Msaidizi ni mtu mzuri, ila husubiri kuambiwa. Na mimi nilikuwa bingwa wa "ungeniambia tu, ningefanya". (Ndiyo, lile lile "tu".) Sikujua kwamba kuambia ndiyo kazi yenyewe. Kujua kwamba viatu vya mtoto vimeanza kubana. Kujua sabuni itaisha Alhamisi, chanjo ni mwezi ujao, mwalimu anataka daftari jipya, na shemeji anaumwa hatujampigia. Jioni moja nilikaa nikaorodhesha mambo ambayo mke wangu anayakumbuka ili mimi niyasahau kwa amani. Niliacha nilipojaza ukurasa.

Claudia Goldin, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2023, amefuatilia kazi za wanawake wa nchi yake kwa takriban miaka 200. Moja ya aliyoyaonyesha ni kwamba siku hizi pengo kubwa la mapato liko kati ya mwanamume na mwanamke wenye kazi ileile, na kwamba hufunguka hasa mtoto wa kwanza anapozaliwa. Kazi zinazolipa vizuri zaidi humpenda mtu anayepatikana saa yoyote, hata usiku, hata wikendi. Katika nyumba ya watu wawili, ili mmoja apatikane kazini saa yoyote, mwingine lazima apatikane nyumbani saa yoyote. Hapo hamhitaji kupiga kura, mnajua ni nani.

Ndiyo maana siamini sana semina za kuwahimiza wanaume. Naamini zaidi walichofanya Norway mwaka 1993: walitenga wiki nne za likizo ya uzazi kwa ajili ya baba peke yake, asipozichukua familia inazipoteza. Kabla ya hapo baba waliochukua likizo walikuwa wa kuhesabika. Miaka michache baadaye wengi wao walikuwa wakiichukua. Sidhani walishukiwa na upendo mpya. Nadhani walipata cha kumwambia bosi.

Mimi sijapewa wiki nne na mtu, kwa hiyo nilianza na fomu, ugonjwa wangu wa zamani. Mtoto alipoanza shule mwaka huu, palipoandikwa "mzazi wa kupigiwa simu kwanza" nikaandika jina langu na namba yangu. Ya mke wangu nikaiweka ya pili. Nilijisikia vizuri mno, nakiri.

Wiki ya tatu mtoto akapata homa darasani. Simu yangu ilikuwa mezani, imejaa chaji, sauti juu. Wakampigia mama yake, aliyekuwa katikati ya kikao. Akaaga, akaenda. Jioni nikapita shuleni kuuliza kwa upole kwa nini hawakufuata fomu. Dada wa mapokezi akaifungua, akaitazama, akaonekana kushangaa kweli.

"Tuliona baba yuko kazini," akasema.