Mtoto aambiwe anavyojifunza, si nafasi aliyoshika tu

Ninaishi Minneapolis, Marekani, lakini kwetu ni Dunda, Bagamoyo, na kila nikirudi likizo watoto wa nyumbani huniletea ripoti zao za mwisho wa muhula. Nikilinganisha shule za msingi za huku na za kwetu, tofauti inayonikera zaidi haipo kwenye madawati wala kompyuta, ingawa hizo ndizo zinazozungumzwa sana barazani. Ipo katika kile anachoambiwa mtoto anayesuasua.

Kwetu mtoto huyo huambiwa nafasi. Ripoti inasema ameshika nafasi ya 70 kati ya 80, na chini yake mwalimu wa darasa ameandika: "Aongeze bidii." Simlaumu mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake. Lakini bidii hiyo iongezwe wapi, na kwa namna gani, hakuna anayesema, na sisi wazazi na walezi hulijaza pengo hilo kwa maneno yaliyo karibu na ulimi: mvivu, mzito, kilaza. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora kitaifa, jambo jema, ila kwenye vikao vya wazazi nafasi bado ndiyo swali la kwanza.

Huku Marekani, tangu sheria ya mwaka 1975, shule ya umma inapomshuku mtoto kuwa na tatizo la kujifunza inapaswa kumfanyia tathmini bila malipo, kwa idhini ya maandishi ya mzazi, na kwa lugha ambayo mtoto anaimudu. Mwanasaikolojia wa shule huketi naye peke yao na kumpa kipimo cha akili. Humsomea tarakimu taratibu, moja kila sekunde, tuseme 4, 1, 9, 3, kisha humtaka azirudie kuanzia ya mwisho. Humpa vitalu vya rangi avipange vifanane na mchoro. Humuuliza maana za maneno. Kila eneo hupewa alama yake, wastani ukiwa 100, na faida yote ipo katika kule kutengana kwa alama. Mtoto anaweza kuwa juu sana katika kuelewa lugha na chini katika kushika mambo kadhaa kichwani kwa wakati mmoja, na wastani wake usiseme chochote cha maana.

Mpwa wangu alikutwa hivyo. Mtaalamu alimweleza kwa maneno ya mtoto wa miaka minane kwamba anaelewa vizuri, ila maagizo matatu yakitolewa kwa mpigo la pili na la tatu humponyoka, kwa hiyo ayaandike au aombe yaandikwe ubaoni. Siku hizi nikimtuma jikoni hunikatiza: "Mjomba, nitajie moja moja." Hajawa mwanafunzi wa kwanza darasani, wala sikutarajia hivyo, lakini ameacha kusema kuwa yeye ni mjinga.

Hata hivyo sitaki mtu asome haya akadhani ninawasifia Wamarekani kupita kiasi. Mara nyingi ripoti ya kurasa nyingi husomwa mezani na watu wazima, mtoto mwenyewe akiwa hayupo, na kinachobaki kwake ni jina la tatizo. Huko California watoto weusi walipelekwa kwa wingi kwenye madarasa ya waliodhaniwa kuwa na upungufu wa akili, kwa kutegemea vipimo hivi, hadi mahakama ilipopiga marufuku matumizi hayo mwaka 1979. Mwanasaikolojia Mfaransa Alfred Binet, aliyetunga kipimo cha kwanza cha aina hii na mwenzake Simon mjini Paris mwaka 1905, alikusudia kuwatambua watoto wanaohitaji msaada, na alipinga wazo kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichobadilika.

Ajabu ni kwamba funzo kubwa kuhusu jambo hili lilipatikana kwetu. Wanasaikolojia Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima watoto wa shule za Bagamoyo wa miaka 11 hadi 13, na mwaka 2002 wakachapisha matokeo. Waliwapa maswali, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja mbinu za kuyakabili, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, na aliyekuwa nyuma mara ya kwanza hakuwa lazima awe nyuma mara ya pili. Kipimo cha mara moja, kwa mtoto asiyeyazoea maswali ya namna hiyo, kilikuwa kimeficha mengi.

Hilo halimshangazi aliyewahi kupita madrasa yoyote ya Bagamoyo jioni. Mtoto ambaye shuleni anaitwa mzito unamkuta amehifadhi sura ndefu, hakosei hata herufi. Wazazi huona huo ni ukaidi: "Madrasa anaweza, shule hataki." Inawezekana kabisa kwamba kinachorudiwa mara nyingi kinamkaa vizuri, huku hesabu ya hatua nne, inayosomwa mara moja na kufutwa ubaoni, ikimpita. Anayelijua hilo atamwachia mtoto hatua zikiwa zimeandikwa na kumpa mazoezi mafupi yanayojirudia, na mtoto akiambiwa sababu ataanza kuziandika mwenyewe.

Sipendekezi tununue vipimo vya Marekani. Maswali yake yametungwa kwa watoto wa huko, na alama zake zimelinganishwa na watoto wa huko. Ninachoziomba kamati za shule ni kidogo zaidi. Wale wachache wanaorudia darasa baada ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne wapewe, mmoja mmoja, dakika 20 na mwalimu: swali, mafunzo mafupi, swali tena, kisha mtoto aelezwe kilichobadilika na kilichomsaidia. Maelezo hayo yaandikwe kwenye ripoti, pale pale panapoandikwa "Aongeze bidii".